Tanga, Mashine na Mama Mkwe

Tangu nirudi kutoka Ziwa Rukwa nimeisimulia safari hii mara saba, na mara zote saba nimekatizwa kabla sijafika majini. Jirani yangu mwenye gereji hunikatiza akitaka kujua trela ilishukaje milima. Wazee wa kanisani hunikatiza palepale mama mkwe anapotajwa, kwa sababu kila mmoja ana wake na ana lake la kusema. Kwa hiyo nimekaa, nimeandika. Habari za vibali na kukaguliwa nimeziruka, hazina ladha. Yaliyobaki yote ni haya.

Chapwa: ninaondoka na kesi

Kwa wasionifahamu vizuri: mimi ni mtoto wa Mbozi niliyeondoka na begi moja la mkononi, nikakaa Malawi miaka ishirini na sita kando ya ziwa, nikarudi na diploma ya ufundi wa mashine, pikapu, na boti ya tanga. Diploma imetundikwa sebuleni, mkabala na mlango. Nyumba ya hapa Chapwa nimeijenga kwa nguvu zangu na sikusaidiwa hata msumari. Boti niliinunua kwa tajiri wangu ikiwa imepasuka ubavu, nikaiziba mwenyewe, nikaiandika JASHO LANGU kwa rangi nyekundu. Ni boti ya tanga pekee katika Tunduma, mji ambao maji ya kuogelea bata yenyewe ni ya kutafuta.

Kila mwaka naivuta kwa trela hadi Rukwa, naipandisha tanga, nakaa siku nne au tano, narudi nikiwa mtu mpya. Mwaka huu nimetimiza miaka sitini na mitatu, na mke wangu, Mama Neema, akaanzisha kesi.

"Baba Neema, watu wa umri wako wanaendesha boti za mashine," aliniambia. "Unakaa, unashika usukani, unafika. Hilo tanga lako ni la vijana."

"Mashine naijua kuliko mtu yeyote hapa," nikamjibu. "Nina diploma yake. Tanga ndiyo akili."

"Akili iko kwenye bega la kushoto?"

 Bega la kushoto lilianza kunisumbua mwaka juzi, na nilidhani nimelificha vizuri. Navaa shati nikianzia mkono mbovu, nachukua vitu vya juu kabatini akiwa jikoni. Kumbe mwanamke uliyemwoa miaka thelathini na minne iliyopita anahesabu hata namna unavyovaa shati.

Tukakubaliana hivi. Kule mwaloni, ufukweni Rukwa ambako wavuvi hushushia samaki, yupo mfanyabiashara wa samaki anaitwa Masanja, ana boti ya fiba yenye mashine ya farasi kumi na tano, na amenisumbua muda mrefu tubadilishane, chombo kwa chombo. Mama Neema akasema nivuke ziwa na kurudi kwa tanga, yeye akiwa shahidi. Nikiweza bila msaada, boti inabaki. Nikishindwa, nabadilishana na Masanja palepale, na JASHO LANGU asiione tena uani kwake.

Nikakubali haraka. Nilikuwa na hakika nitashinda. Sasa mjue pia jambo hili, maana nilimficha kila mtu: usiku wa kuamkia safari nililala ubavu mmoja tu.

Asubuhi tulitoka. Foleni ya malori ya kwenda mpakani ilikuwa imefika mbali, nasi tulikuwa tunaelekea upande wa pili, boti nyuma, mlingoti umelazwa. Dereva mmoja wa Zambia alishuka kabisa kwenye lori lake.

"Shani, bashikulu!" akanisalimia kwa Kibemba, yaani habari babu. "Mbele huko kumejaa maji?"

"Kwako bado," nikamwambia. "Wewe subiri tu hapo, yatakufikia."

Isansa: abiria anaongezeka

Mpango ulikuwa tupitie Mlowo, tuingie barabara ya bondeni, na njiani, Isansa, tumsalimie mama mkwe wangu. Kusalimia tu. Mama Neema angeshuka, angeingia ndani, nami ningebaki barabarani nikiangalia matairi.

Hapa inabidi nieleze, kwa ajili ya rafiki zangu wa pwani. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hawakai mkeka mmoja, hawali pamoja, hawapeani mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Wakiwa na la kuambiana linapita kwa mtu wa tatu. Ipo njia ya kulegeza mambo: watoto wakishazaliwa, mkwe anakwenda mwenyewe na kuku, anamkabidhi mama kwa mkono wake, mama anapokea, wanazungumza. Basi, imekwisha. Ila lazima uwe mkono wako. Mimi nilikuwa Malawi. Nilituma blanketi, nikatuma redio, nikatuma cherehani yenye meza, vyote kwa mikono ya watu, nikaona nimemaliza. Hakuna aliyethubutu kuniambia kwamba cherehani si kuku. Niliporudi nilikuwa mtu mzima mwenye nyumba ya vigae, nikaona aibu kwenda kusimama uani na kuku kama bwana harusi. Ikapita hivyo. Miaka thelathini na minne sijawahi kusikia sauti ya mama mkwe ikitaja neno lililoelekezwa kwangu.

Mama Neema alikaa ndani karibu saa nzima. Alipotoka alikuwa na kapu, na nyuma yake, akiwa amefungua mwavuli mweusi na kuuinamisha upande wangu, alikuwa mama mwenyewe.

"Mama anasema anakwenda nasi," Mama Neema akatangaza.

"Wapi?"

"Ng'ambo. Kwa mama mdogo."

Mdogo wake mama mkwe ameolewa upande wa Galula, kijiji cha kando ya ziwa. Kwa nchi kavu ni mzunguko mkubwa na unamalizia kwa bodaboda kwenye mchanga, jambo ambalo mama wa miaka sabini na tisa hawezi. Walikuwa hawajaonana miaka sita.

"Mwambie mama kwamba mbele kwenye gari hakuna nafasi ya adabu," nikasema. Pikapu yangu ina kiti kimoja kirefu.

Mwavuli ukanong'ona. Mama Neema akasikiliza, akageuka. "Mama anasema macho anayo, kiti amekiona. Atakaa kwenye boti."

"Boti iko juu ya trela!"

"Kwani itazama?"

Ndivyo ilivyokuwa. Niliwafungia yeye na Mama Neema mkeka na magodoro mawili ndani ya JASHO LANGU, nikawavalisha jaketi za kuokolea kwa sababu mimi nafuata taratibu hata nchi kavu, yaani mama alivalishwa na binti yake, nami nikiwa nimegeukia migomba. Kwenye genge la jirani nikanunua jogoo mwekundu wa kumpelekea mama mdogo, nisiende mikono mitupu. Naye akapanda botini.

Isansa hadi bondeni: boti ina abiria, gari halina

Sijawahi kuendesha polepole kiasi kile. Kwenye kioo naona mwavuli mweusi, jaketi mbili za rangi ya chungwa na kichwa cha jogoo. Kina mama waliokuwa wakichuma kahawa walisimama.

"Shikamoo bibi! Mnakwenda wapi na mtumbwi?"

"Tunavuka ziwa!" Hiyo ilikuwa sauti ya mama mkwe, na niliisikia vizuri kwa kuwa haikuelekezwa kwangu.

"Ziwa liko wapi?"

"Linakuja!"

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nilicheka, peke yangu, nikiwa nimefunga kioo.

Kwenye mteremko wa kushukia bonde tairi la trela lilipasuka. Nilishuka na jeki. Nikasubiri abiria washuke. Hawakushuka.

"Mama Neema, mwambie mama washuke nipandishe trela."

"Mama anauliza ashukie wapi. Kulia kuna korongo, kushoto upo wewe."

Alikuwa sahihi. Barabara pale ni nyembamba na heshima inataka nafasi. Kwa hiyo nilipiga jeki trela yenye boti, wanawake wawili, magodoro na jogoo. Mafundi wote waliopita mikononi mwangu wangejivunia ile kazi. Lakini jeki ile inataka mikono miwili, na nusu ya pili niliimaliza kwa mkono wa kulia na goti.

"Baba Neema, mkono vipi?"

"Jeki ina kutu."

Mwavuli ulisogea kidogo. Nilidhani ni upepo.

Tulifika bondeni jua limeshapinda. Kule chini joto linakupokea kama mtu aliyekuwa anakudai habari. Ng'ombe wengi, vumbi, mitama. Tulilala nyumba ya wageni karibu na mwalo, wao mwanzo wa korido, mimi mwisho wake.

Mwaloni: Masanja na kamba ya kuwashia

Masanja ni kijana wa Kisukuma, wazazi wake waliteremka na ng'ombe bonde la Momba, yeye akaongeza samaki. Mdomo wake haupumziki. Ananiita Injinia, na sikumkataza.

"Injinia, umeniletea boti yangu!"

"Bado yangu."

"Hiyo ni hadi jioni tu. Ona, mimi petroli inanimaliza, wewe tanga linakumaliza. Tukibadilishana kila mtu anapona."

Tulikula pamoja chini ya banda la makuti, ugali na perege wa kukaanga wenye pilipili ya kusaga, kina mama wakala upande wa pili wa ukuta wa mabua. Chakula kizuri. Masanja alitaka kunionyesha ubora wa mashine yake kabla sijamaliza kunawa. Akaishika kamba ya kuwashia, akavuta. Kimya. Akavuta tena. Nilihesabu mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili ikakohoa, ikawaka, moshi wa buluu ukatanda mwalo mzima.

"Ilikuwa inakusalimia," akasema, jasho likimtoka.

Nilisimama pale nikitafakari kwa kweli, maana hili ndilo watu wa umri wangu hatuambizani. Tanga linakudai mwili kidogo kidogo mchana kutwa: vuta, legeza, inama, hama upande. Mashine inakudai mara moja kwa nguvu zote, kisha inakuacha ukae. Ukiwa na umri wa Masanja yote mawili ni mchezo. Ukiwa na wangu unajiuliza bega lako litapenda lipi. Lakini kuna jambo la pili, na hilo lilinijia pale nikimwangalia mama mkwe akitafuta pa kupita bila kunikaribia. Mtu akizeeka anaongeza wakwe. Mimi nina mama mkwe, nina mke wa mwanangu, nina wazazi wa waume wa binti zangu wawili, na wote nawaonea haya kwa viwango tofauti. Boti ya tanga haijui haya. Upepo ukigeuka, wote mnahama, mnapishana, mnainamishana vichwa. Boti ya mashine kila mtu anakaa alipokaa, kama kwenye ibada. Kwa hesabu hiyo, mashine ndiyo chombo cha wazee wenye heshima zao. Nilikiri hivyo moyoni.

Mpango wangu ulikuwa kina mama wapande kwa Masanja, mimi nivuke peke yangu pembeni yao. Mama Neema akapanda. Tanga aliliapia zamani kwamba halipandi. Mama mkwe akanusa ule moshi wa buluu, akanong'ona.

"Mama anasema hawezi harufu ya petroli, atatapika. Anapanda boti aliyokuja nayo."

"Mama Neema! Ile ni boti ndogo!"

"Anasema jana ilikuwa ndogo hivyohivyo."

Na jogoo akapanda naye.

Ziwani: jogoo anafanya kazi ya mkalimani

Kwa kungoja mashine ya Masanja iwake tena tuliondoka karibu saa sita, wakati upepo wa Rukwa unapoanza kuamka. Mama mkwe alikaa mbele kabisa, amenipa mgongo, mwavuli umefunguka katikati yetu. Mimi nyuma, usukani mkono wa kulia, kamba ya tanga mkono wa kushoto. Jogoo katikati, amefungwa miguu. Tanga likavimba. Kwa nusu saa ya kwanza niliendesha vizuri mno, na nasikitika kwamba shahidi wangu alikuwa akiangalia samaki.

Sehemu ile ya ziwa ina miti iliyofia majini, imesimama mikavu, na lazima upite kwa kujipinda. Ili kujipinda inabidi uzito uhame. Nikamwita mke wangu, aliyekuwa mita hamsini pembeni.

"Mwambie mama ahamie kulia!"

Mashine ya Masanja ilikuwa inanguruma. Mama Neema akaweka mkono sikioni, kisha akanipungia kwa furaha.

"Ahamie kulia!"

Akapunga tena. Na hapo mashine ikakatika. Ilikuwa imeviringisha kipande cha wavu uliotelekezwa, Masanja akainama kuikagua na wembe mdomoni. Wao wakabaki pale pale. Sisi tukaendelea kwenda, kwa sababu tanga halina breki.

Nikabaki na mama mkwe wangu, ziwa, na mti mkavu unaokuja.

Nikamgeukia jogoo. Ndiyo. Naandika kama ilivyokuwa.

"Jogoo," nikasema kwa sauti kubwa, "ingekuwa vizuri mtu aliyekaa mbele ahamie kulia, na ainame, maana huu mti wa chini wa tanga utapita juu ya kichwa chake."

Mwavuli ukajibu: "Jogoo, mwambie nahodha kulia kwake au kulia kwangu?"

"Jogoo, mwambie kulia ni kulia!"

Akahama. Akainama. Tanga likapita juu yake, tukaukwepa mti kwa urefu wa mkono. Lakini mwavuli hakuufunga, kwa sababu ulikuwa ndiyo ukuta wetu, na upepo ukaingia ndani yake. Sasa boti ikawa na matanga mawili, moja langu na moja la mama mkwe, na hayakubaliani. Tukaanza kuzunguka. Maji yakaingia upande wa chini, yakalowesha magodoro. Nilijaribu kuvuta kamba kwa mkono wa kushoto, na bega likakataa. Halikuuma sana, lilikataa tu, kama mlango uliofungwa kwa ndani. Kamba ikaniponyoka, tanga likaanza kupigapiga kama shuka kwenye kamba ya nguo.

"Jogoo," nikasema, na sauti yangu sikuipenda, "mwambie mama afunge mwavuli."

Mwavuli haukufungwa. Ulishuka taratibu. Nyuma yake kulikuwa na uso ambao, nawaapia, sikuwa nimewahi kuutazama sawasawa. Mdogo, mweusi, macho makali, jaketi ya chungwa imemfika masikioni.

"Huyu jogoo amechoka," akasema. "Mkwe, unaumwa mkono. Tangu jana kwenye tairi."

Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia ziwa, ziwa likanionyesha maji yanayoingia.

"Kidogo, mama."

"Kidogo gani, kamba imekushinda? Na mwanangu umemficha?"

"Nimemficha."

"Hajui kuficha mwenye kuvaa shati kwa kuanzia mkono mbovu." Kumbe binti alimwambia. "Haya, nipe huyo jogoo."

Nilidhani anataka kumwokoa asilowe. Nikamnyanyua, nikanyoosha mkono. Hakupokea kwanza.

"Kwa mkono wako, na useme."

Ndipo nikaelewa anachotaka. Boti inazunguka, tanga linapiga makofi, nami nimepiga magoti kwenye godoro lililolowa, nimeshika jogoo mwekundu mikono miwili, ule mbovu nao ukakubali kwa dakika hiyo.

"Mama, pokea. Nimechelewa. Nilikuwa mbali, na niliporudi nikajiona mkubwa."

"Ulijiona," akasema, akampokea. "Cherehani nimeshonea wajukuu. Asante. Lakini nilikuwa nangoja kuku." Akampakata jogoo, akasogea nyuma, akaketi karibu nami hata magoti yetu yakagusana, akaiokota kamba ya tanga. "Nionyeshe."

Nilianza kumweleza kwa kanuni: pembe ya upepo, mgandamizo, mambo niliyosomea. Akanisikiliza kidogo.

"Mkwe, mimi nimelima na maksai tangu sijaolewa. Hili ni dume tu. Akivuta sana unamwachia kidogo. Akilegea unamvuta. Wewe shika usukani, uniambie tunakwenda wapi."

Na ikawa hivyo. Nimefundishwa tanga na watu waliovaa kofia nyeupe, nimelifanyia kazi miaka ishirini na sita, na sijaona mtu aliyeshika kamba ile kwa utulivu kama yeye. Alikuwa hapambani nayo. Aliiacha ikimtaka, akairudisha ikimsahau. Upepo ukizidi anasema "Haya, haya, taratibu," kwa Kinyiha, kama vile anaongea na maksai kwenye mfereji. Na katikati ya hayo anauliza maswali aliyoyaweka miaka thelathini na minne.

"Kule Malawi ulikuwa unapikiwa na nani?"

"Najipikia, mama."

"Uongo."

"Miaka ya mwanzo nilikuwa najipikia."

Akacheka. "Endelea."

Ng'ambo: hesabu inafungwa vibaya

Mama mdogo alikuwa ameshapigiwa simu. Alikuwa amesimama majini hadi magotini. Sitaeleza walivyokumbatiana. Miaka sita ni mingi, na jogoo alibanwa katikati akapiga kelele.

"Huyo jogoo ndiye wangu?" mama mdogo akauliza.

"Huyu ni wangu," mama mkwe akasema. "Wako atakuja siku nyingine."

Masanja na Mama Neema walifika tumeshaanza kula, wakipiga kasia, mashine imelala nyuma kama mgonjwa. Wavu ulikuwa umeingia ndani kabisa. Mama Neema alishuka akanikuta nimekaa mkeka mmoja na mama yake, tukichangia bakuli la kambale. Akaangalia mkeka, akaangalia bakuli, akaniangalia mimi. 

"Mmefanyaje?" akauliza.

"Tumevuka," mama akamwambia. "Mumeo bega limekufa. Peleka hospitali."

Hivyo ndivyo siri yangu ya miaka miwili, ambayo kumbe wote wawili waliijua, ilivyoisha, kati ya tonge na tonge. Nami nikasema mwenyewe, mbele ya Masanja, kwa sababu mimi ni mtu wa kutimiza neno: sharti lilikuwa nivuke bila msaada. Sikuvuka bila msaada. Kwa hiyo tukifika mwaloni tunabadilishana. Mashine nitaitengeneza vizuri kuliko inavyotengenezwa sasa, hilo Masanja mwenyewe analijua.

Masanja akanipa mkono. Mama Neema akaangalia chini. Nilitegemea atafurahi.

Kurudi

Siku tatu baadaye tuliondoka asubuhi, ziwa limelala. Masanja alikuwa ameondoa wavu, mashine ikawaka kwa mara ya sita tu, akaniita kwa madaha.

"Injinia, panda huku uzoee chombo chako! Nitavuta kile kwa kamba."

Nikachukua begi langu. Lilikuwa jambo la haki. Mama mkwe alikuwa ameshaketi ndani ya JASHO LANGU, jogoo miguuni, kamba ya tanga mkononi, mwavuli umefungwa chini ya kiti.

"Mama, leo tunakwenda na mashine," nikamwambia. "Moshi nimeurekebisha."

"Si moshi," akasema. "Ni kelele. Mle ndani mtu hasikii. Mimi na wewe tumefikia mwaka gani wa Malawi?"

"Mwaka wa tisa, mama. Pale nilipohamia mji mwingine."

"Basi. Kabla ya ng'ambo tunafika wa ishirini. Panda."

Mama Neema, aliyekuwa ameshakaa kwa Masanja, akashuka. Alivua viatu, akaingia majini, na mwanamke aliyeliapia tanga akapanda botini mwetu akakaa mbele, akashika ukingo kwa mikono miwili.  Upepo ulipogeuka sote watatu tulihama, tukapishana, tukainamishana vichwa, na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Tulichukua saa nne kufanya kazi ya saa mbili. Masanja alikuwa ametutangulia, ameshakunywa chai, anatungoja amekunja mikono.

"Haya Injinia. Neno ni neno."

Nilifungua mdomo nimweleze. Nilikuwa na hoja, za upande wa mashine na za upande wa tanga, na zote zilikuwa nzuri.

"Mwanangu," mama mkwe akanitangulia, bado amekaa kwenye boti, "hii ina wenyewe wawili sasa. Mmoja hajakubali."

"Bibi, una miaka mingapi wewe?"

"Themanini kasoro mmoja."

"Basi mimi nitangoja," Masanja akasema akicheka. "Nitarudi nikisikia umechoka."

"Rudi kila mwaka. Uangalie."

Masanja akanitazama mimi.  Nilikuwa nakunja tanga, na kwa mkono mmoja tanga halikunjiki. Mama mkwe ndiye aliyeshika pembe ya pili.